Ujira wa Sonara

Ukitaka kumjua mama wa Kizanzibari aliyekaa Dubai miaka thelathini, mfuate Deira siku anayonunua dhahabu. Bei ya gramu haimsumbui. Imeandikwa kwenye ubao, karati 24, karati 22, karati 21, karati 18, na duka la kushoto na la kulia wote wana bei ile ile. Ugomvi unaanza pale muuzaji anapoweka mkufu kwenye mizani, anapiga hesabu, halafu anaongeza ujira wa sonara. Hapo mama anavua miwani. Ujira gani huu, mwanangu? Mkufu wenyewe umetoka mashineni. Atainuka mara mbili kujifanya anaondoka, na mara ya tatu ataondoka kweli.

Anajua anachopigania. Siku akija kuuza, duka litapima dhahabu tu. Ujira ulishaliwa siku ya kwanza, haurudi. Na tangu Januari 2018 kuna VAT ya asilimia 5 juu ya vito, nayo hairudi.

Nimeanza na Deira kwa sababu baada ya kile kipindi chetu cha pesa na wazazi, meseji nyingi zilikuwa na swali moja: mimi sijui chochote, nina kazi, nina mshahara, nataka kuwekeza bila kukaa kwenye skrini kila usiku, nianzie wapi? Jibu linalotolewa siku hizi ni fupi mno. Tafuta mfuko wa bei nafuu unaofuata soko zima, weka kitu kila mwezi, uuache. Mimi ni mkaguzi wa hesabu, si mshauri wa fedha, na jibu hilo sina ugomvi nalo. Ila lina historia, na sehemu ya historia hiyo ni yetu, ya watu wa pwani, ingawa kwenye vitabu vya uwekezaji hatumo. Ukiijua, utajua pia ni sehemu gani ya jibu inayotufaa sisi tuliozaliwa huku Ghuba na ni sehemu gani ilitungwa kwa ajili ya mtu wa Marekani.

Mama zetu tayari walikuwa na mfuko. Unaitwa upatu; wengine wanasema mchezo, ndugu zetu wa Kenya wanasema chama. Watu kumi, kila mwezi kila mmoja anatoa dirham 1,000, mmoja anachukua 10,000. Ukiuangalia kwa jicho la mkaguzi, upatu ni kitu cha ajabu kidogo: gharama yake ni sifuri. Hakuna wakala, hakuna kamisheni, hakuna ofisi yenye viyoyozi inayolipwa kutoka kwenye pesa yako. Kasoro yake ni kwamba hauzai. Unatoa 10,000 kwa miezi kumi, unapata 10,000, na bei za Dubai hazikukusubiri. Ndiyo maana zamu ikifika, pesa ya upatu inapanda basi na kwenda Deira.

Kwa nini Deira na si benki, na si soko la hisa? Vijana tunapenda kucheka hapa. Tunasema wazee hawakusoma, wanaogopa karatasi. Hebu tuangalie wamepitia nini.

Mapinduzi ya Zanzibar yalikuwa tarehe 12 Januari 1964, na Machi ya mwaka huohuo ardhi yote ikatangazwa kuwa mali ya Serikali. Mtu aliyelala na shamba la mikarafuu aliamka na hati isiyo na kazi. Bara, Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967 na kesho yake benki binafsi zikataifishwa. Mwaka 1971 ikaja sheria ya majumba: nyumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ilichukuliwa, na wapangaji wakaanza kulipa kodi kwa Msajili wa Majumba. Uganda, Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia siku 90. Na mwaka 1987 hukohuko Uganda walibadilisha sarafu, shilingi mia za zamani kwa shilingi moja mpya, na wakakata asilimia 30 njiani. Kwa hiyo hata aliyeficha noti chini ya godoro alikatwa.

Katika yote hayo, kitu kimoja kilivuka bahari bila kuulizwa: bangili mkononi. Familia zilizoshuka Dubai, na zile zilizokwenda Oman hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, zilifika na walichoweza kuvaa. Dubai yenyewe wakati huo ilikuwa mji wa dhahabu kuliko mji wa mafuta. Mafuta yaligunduliwa mwaka 1966 tu, na majahazi yalikuwa yakipeleka dhahabu India kwa njia ambazo serikali ya India haikuzifurahia hata kidogo. Bibi aliyekataa kuweka pesa kwenye karatasi alikuwa na ushahidi wa miaka ishirini mkononi. Nataka hilo likae wazi kabla sijasogea, kwa sababu mfuko wowote tutakaouzungumzia hapa chini ni karatasi.

Sasa tuvuke mpaka Marekani, maana mfuko wa kivivu ulizaliwa huko.

John Bogle alikuwa bosi wa kampuni ya mifuko ya uwekezaji huko Philadelphia. Januari 1974 wenzake walimfukuza. Mwezi wa tisa mwaka huohuo akaanzisha kampuni nyingine, Vanguard, yenye mpangilio usio wa kawaida: inamilikiwa na mifuko yake yenyewe, yaani na wale walioweka pesa ndani. Hakuna mwenye kampuni anayekaa pembeni akisubiri faida.

Mwaka huo huo, mchumi Paul Samuelson, aliyekuwa ameshapata tuzo ya Nobel mwaka 1970, aliandika makala akiuliza swali linaloudhi. Wasimamizi hawa wa mifuko wanaolipwa vizuri kuchagua hisa, wako wapi wale wanaolishinda soko mwaka baada ya mwaka? Kama hawapo, basi mtu aanzishe mfuko unaonunua soko lote na kutulia. Wazo lenyewe halikuwa jipya kabisa. Wells Fargo walikuwa wamelijaribu mwaka 1971 kwa pesa ya pensheni ya kampuni ya mabegi ya Samsonite. Ila mtu wa kawaida alikuwa hajafunguliwa mlango.

Fahirisi ni orodha tu. Kampuni 500 kubwa za Marekani, kila moja na uzito wake kulingana na ukubwa wake sokoni. Mfuko wa fahirisi unanunua orodha. Hakuna fundi wa kuchagua, kwa hiyo hakuna ujira mkubwa wa fundi. Mama wa Deira angeelewa bila kuchorewa: unanunua dhahabu kwa uzito, mkufu wa mashine, ujira mdogo kabisa.

Bogle alifungua mfuko wake kwa umma Agosti 1976. Matumaini yalikuwa kukusanya dola milioni 150. Zikaja milioni 11.3. Hazikutosha hata kununua kampuni zote 500, ikabidi wachague baadhi ili kuiga orodha. Mabenki yaliyokuwa yakiuza mfuko yalimshauri aufunge arudishe pesa za watu. Alikataa. Mjini wakauita upumbavu wa Bogle, na kukatoka bango lililosema mifuko ya aina hii si ya Kimarekani, kama vile kukubali wastani ni uhaini.

Kitu ambacho wengi hawakisimulii ni kwamba mfuko huo wa kwanza nao uliuzwa kwa kamisheni. Madalali walikula chao mlangoni. Ni Februari 1977 ndipo Vanguard walipoacha kuwalipa madalali kabisa na kuuza moja kwa moja kwa mteja. Kwangu mimi hapo ndipo mapinduzi yalipo, kuliko ile ya kununua soko zima. Mfuko unaweza kuwa wa kivivu na bado ukawa ghali.

Hoja ya Bogle haikuhitaji hisabati ya chuo kikuu. Ukichukua wawekezaji wote kwa pamoja, wao ndio soko. Kabla ya gharama, wastani wao ni faida ya soko, haiwezi kuwa zaidi. Baada ya gharama, ni faida ya soko ukitoa gharama. Basi anayelipa kidogo anabaki na kikubwa zaidi kuliko wastani wa wanaolipa sana. William Sharpe, naye wa Nobel, aliiandika hoja hiyo rasmi mwaka 1991, na mpaka leo sijaona aliyeivunja. Bogle alifariki Januari 2019, kampuni yake ikiwa moja ya wasimamizi wakubwa zaidi wa pesa duniani.

Rudi nyumbani. Soko la hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998 na kampuni moja tu, ile ya gesi ya oksijeni, TOL. Soko la kampuni moja halihitaji fahirisi! Lakini mwaka 2003 serikali ya Tanzania ilianzisha UTT, na Mei 2005 ikafungua mfuko wa Umoja. Lugha yake ndiyo ninayoipenda. Wanachouza kinaitwa vipande. Unanunua vipande, una vipande mia, bei ya kipande leo ni kadhaa. Mtu wa Mbeya anaelewa palepale kwamba kuna kitu kikubwa na yeye ana kipande chake. Umoja unachanganya hisa na hatifungani, na kiasi cha kuanzia kiliwekwa chini makusudi ili mwalimu na muuza nyanya waingie. Baadaye ikafuata mifuko mingine, wa watoto, wa kujikimu, wa ukwasi, wa hatifungani.

Tusidanganyane, Umoja si mfuko wa fahirisi, una wasimamizi wanaochagua. Na ukiishi Dubai kuna jambo la sarafu: mwaka 2005 dola moja ilikuwa shilingi za Tanzania elfu moja na mia na kitu, miaka ishirini baadaye ni zaidi ya elfu mbili. Dirham imefungwa kwenye dola, 3.6725, tangu 1997. Kwa hiyo kipande kilichopanda vizuri kwa shilingi, ukikigeuza kuwa dirham, sehemu ya kupanda inapotea. Anayejenga Dar atumie shilingi zake bila wasiwasi. Mwenye ada za shule za Al Qusais apige hesabu mara mbili.

Upande wa Kenya somo lilikuja kwa kelele. Mwaka 2008 Safaricom iliuza hisa kwa umma, shilingi tano kila moja. Watu walipanga foleni, wengine walikopa benki ili wanunue. Tarehe 9 Juni 2008 hisa ikaanza kuuzwa, ikapanda kidogo, halafu ikaporomoka. Mwaka uliofuata ilikuwa chini ya shilingi tatu. Waliokopa waliuza kwa hasara. Wapo waliosahau kabisa kwamba wana hisa, na hao mwaka 2021 waliamka bei ikiwa imepita shilingi arobaini. Ni hadithi nzuri ya kusimulia kwenye harusi, lakini kampuni moja si soko, na aliyelala usingizi kwenye kampuni nyingine hatumsikii kwenye harusi.

Tanzania, mwaka 2009, serikali iliifunga DECI. Pale watu walikuwa "wanapanda mbegu" na kusubiri "kuvuna", na mavuno yalitoka kwenye mbegu za waliofuata. Wengi walioingia hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wanaojua upatu, na DECI ilivaa nguo za upatu. Tofauti ni kwamba kwenye upatu hakuna anayekuahidi zaidi ya ulichotoa.

Halafu kuna Dubai yetu. Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana hapa ndipo kizazi chetu kimekatwa.

Mgeni anayefanya kazi UAE hana pensheni ya serikali. Unaweza kuwa umezaliwa Hospitali ya Latifa, umesoma hapa, unaongea Kiarabu cha hapa, lakini kama pasi yako ni ya Tanzania, Kenya, au Uingereza, mwisho wa kazi unapata kiinua mgongo: mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, siku 30 kwa kila mwaka baada ya hapo, na jumla isizidi mshahara wa miaka miwili. Zingatia neno msingi. Kampuni nyingi zinaweka mshahara wa msingi nusu tu ya unachopokea.

Pengo hilo likavutia wauzaji. Kwa miaka mingi, mtu aliyepata kazi nzuri Dubai alipigiwa simu na kijana mwenye suti. Kahawa ya bure, grafu ya rangi, swali la upole kuhusu watoto. Kilichokuwa kikiuzwa mara nyingi ni mpango wa akiba wa miaka 20 au 25 uliofungwa ndani ya bima ya maisha. Ami yangu mmoja aliuziwa. Muuzaji alimwita mjomba, alijua hata kusema shikamoo.

Mipango hiyo ilifanya kazi hivi. Muuzaji alilipwa kamisheni yake mwanzoni, ikihesabiwa kwa miaka yote uliyoahidi kulipa. Kampuni ilirudisha pesa hiyo kwa kukata kwenye michango yako, hasa ile ya miezi kama 18 ya mwanzo, ambayo ilifungwa na kutozwa ada mpaka mwisho wa mkataba. Juu yake kulikuwa na ada ya mpango, ada ya mifuko iliyo ndani, na ada ya kila mwezi. Ukitaka kutoka mwaka wa tatu, unakuta michango ya mwanzo imeliwa karibu yote. Ami alipouliza, aliambiwa ukurasa upo, alisaini.

Nilimpigia hesabu kwenye karatasi, nawapa na ninyi. Chukua dirham 1,000 kila mwezi kwa miaka 25. Tuseme, kwa mfano tu, soko linatoa asilimia 6 kwa mwaka kabla ya gharama. Soko halina ahadi hiyo kwa mtu. Mfukoni mwako zimetoka 300,000. Gharama zikiwa asilimia 0.2 kwa mwaka, unamaliza na kama 672,000. Gharama zikiwa asilimia 3, unamaliza na kama 446,000. Soko ni lile lile, subira ni ile ile, michango ni ile ile. Dirham 226,000 zimekwenda kwa sonara.

Asilimia 3 inasikika kama kitu kidogo, hapo ndipo mtego ulipo. Kama soko linatoa 6, asilimia 3 ni nusu ya mavuno, kila mwaka, ukipata au ukikosa.

Mamlaka ya Bima ya UAE iliingilia kwa uamuzi namba 49 wa mwaka 2019, ulioanza kutumika Oktoba 2020. Ukaweka mipaka ya kamisheni, ukataka gharama zioneshwe, ukampa mteja siku 30 za kubadili mawazo na kurudishiwa. Simu zimepungua. Hazijaisha, siku hizi zinakuja kwa WhatsApp.

Sasa, anayeukwepa mpango wa namna hiyo na kwenda moja kwa moja kununua mfuko wa Bogle, anakutana na jambo ambalo vitabu vya Marekani havimwambii, kwa sababu havikuandikwa kwa ajili yake. Mfuko una uraia. Ukinunua mfuko ulioandikishwa Marekani na wewe si raia wala mkaazi wa kule, ukifa, mali yako ya Marekani inayozidi dola 60,000 inaweza kutozwa kodi ya mirathi mpaka asilimia 40. Wamarekani wenyewe wana msamaha wa mamilioni. Wewe wako ni elfu sitini. UAE haina mkataba na Marekani wa kukulinda na hilo. Gawio nalo hukatwa asilimia 30 kabla halijakufikia.

Hapa bibi aliyekataa karatasi anastahili kusikilizwa. Swali lake halikuwa karatasi hii itapanda au itashuka. Swali lake lilikuwa: siku mambo yakibadilika, nani ana mkono juu ya hii mali, na watoto wangu wataipata?

Njia ambayo wengi wa Ghuba wamefuata inapita Ireland. Mwaka 1985 Jumuiya ya Ulaya ya wakati ule ilitunga sheria ya mifuko inayoweza kuuzwa nchi zote wanachama, na mifuko ya namna hiyo inabeba alama ya UCITS. Dublin ikageuka nyumba yao. Mfuko ulioandikishwa Ireland unaweza kushika hisa zilezile za Marekani, lakini wewe unachomiliki ni kipande cha mfuko wa Ireland, kwa hiyo kodi ya mirathi ya Marekani haikugusi, na kwa mkataba wa nchi hizo mbili gawio la Marekani hukatwa asilimia 15 badala ya 30. Inauzwa katika soko la London kama hisa yoyote, ndiyo hizo zinazoitwa ETF. Vanguard walifungua wa kwao wa dunia nzima huko Dublin mwaka 2012: maelfu ya kampuni, kutoka Marekani mpaka India na Afrika Kusini, kwa ada iliyo chini ya robo ya asilimia moja. Wapo wengine wenye bei karibu na hiyo. Ukisoma karatasi ya mfuko, angalia vitu viwili kabla ya kitu kingine chochote: ada ya mwaka, na nchi ulikoandikishwa. Namba ya ISIN ikianza na IE ni Ireland, ikianza na US ni Marekani.

Wasomaji wengi wa hapa ni Waislamu, na swali linalofuata nalijua. Mfuko wa dunia nzima una mabenki ya riba ndani, una pombe, una kamari. Kuna fahirisi za halali; Dow Jones walitoa yao mwaka 1999. Zinachuja biashara haramu, halafu zinachuja kampuni zenye madeni mengi, kwa kawaida yanayozidi theluthi ya thamani yake. iShares walianzisha huko Ireland mifuko ya aina hiyo mwishoni mwa mwaka 2007. Ada yake ni kubwa kuliko ya ile ya kawaida, kwa sababu kuna wanazuoni wa kulipwa na soko ni dogo. Mimi naona huo ni ujira wa halali kuulipa, kwa maana zote mbili, ilimradi ujue ni kiasi gani. Kuwa macho na mifuko ya halali iliyoandikishwa Marekani, ipo na inatangazwa vizuri. Mchujo wa kisharia hauondoi ile dola 60,000.

Kuhusu mirathi yenyewe: benki za UAE hufunga akaunti mwenyewe akifariki mpaka mahakama itoe amri, na dalali wa hisa wa nje atataka karatasi zake. Andika mahali, kwa Kiswahili au lugha yoyote mama yako anayoisoma, jina la kampuni, namba ya akaunti na mtu wa kumpigia. Bangili ilikuwa na faida hiyo moja ambayo ETF haina. Ilikuwa inaonekana.

Na mlioajiriwa ndani ya DIFC, ninyi tayari mna mfuko na baadhi yenu hamjui. Tangu tarehe 1 Februari 2020 mwajiri wa pale haweki tena kiinua mgongo kwenye vitabu vyake. Anakipeleka kila mwezi kwenye mpango unaoitwa DEWS au mwingine uliokubaliwa. Kama hukuchagua chochote, pesa imewekwa kwenye chaguo la kawaida waliloliweka wao. Kwa walio nje ya DIFC, serikali ya UAE ilitoa uamuzi mwaka 2023 unaomruhusu mwajiri kufanya kitu kama hicho kwa hiari, kwa hiyo muulize mtu wa utumishi kama kampuni yenu imejiunga. Ukipata jina la mpango, ingia kwenye akaunti yako, tafuta jina la mfuko uliomo, na usome ule mstari wa ada ya mwaka. Uko kwenye karatasi, mara nyingi ukurasa wa pili.